Amri ya Ulinzi si Talaka

Maneno ya Kamati yaliyosomwa Kyambogo, Kampala, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani

 

Siku kama hii huwa tunazungumza juu ya vita vilivyotufukuza kwetu. Safari hii akina mama wameiomba kamati izungumze juu ya ukatili ulio ndani ya nyumba. Tumekubali. Lakini jambo hilo ni kubwa, na saa tuliyopewa ni ndogo, kwa hiyo tumechagua kipande kimoja tu: amri ya ulinzi inayotolewa na mahakama. Tumekichagua kwa sababu katika maswali yanayoletwa kwetu tumeona kwamba watu wanajua polisi, wanajua talaka, wanajua na baraza la wazee. Amri hii, ambayo ndiyo dawa ya haraka, wengi hawajaisikia. Walioisikia wanadhani ni talaka iliyopewa jina jingine, basi wanaiogopa.

Si talaka. Mwanamke anayepata amri ya ulinzi leo, kesho bado ni mke wa mtu. Ndoa haikuguswa. Kilichoguswa ni mkono unaopiga.

Tueleze sheria yenyewe. Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Ukatili wa Nyumbani mwishoni mwa mwaka 2009, nayo ikaanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo aliyepigwa na mwenzi wake alikuwa na milango miwili tu, yote mizito: amshitaki kwa kosa la kupiga, kama vile angemshitaki mpita njia aliyempiga sokoni, au aende kudai talaka. Kati ya kumfunga mume na kumwacha mume hapakuwa na kitu. Sheria hii ndiyo iliyoweka kitu hapo katikati.

Nayo haihesabu ngumi peke yake. Inahesabu kulazimisha mambo ya kitanda, hata kati ya mume na mke. Inahesabu matusi na vitisho vinavyomvunja mtu akili. Inahesabu pia ukatili wa mali: kumnyima mtu matumizi anayostahili, au kuuza vyombo vya nyumba ili ateseke. Tunajua kwamba tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa mwaka 2025 nyumba nyingi zina njaa, na penye njaa maneno hayakawii. Lakini njaa ni ya wote wawili, na anayepigwa ni mmoja.

Wala sheria haiulizi cheti cha ndoa. Mliooana kanisani, msikitini au kwa mahari, na ninyi wa ile tunayoiita kwa Kilingala yaka tofanda, wote mmo, maadamu mnaishi au mliwahi kuishi nyumba moja. Watoto wamo, wakwe wamo, mfanyakazi wa ndani yumo. Mwanamume naye yumo: anayepigwa na mkewe anaweza kuomba amri ile ile mbele ya hakimu yule yule. (Hapa watu walicheka.) Mnacheka, na ndiyo sababu baba wa namna hiyo hawasemi.

Sasa amri yenyewe ni nini? Ni karatasi yenye sahihi ya hakimu inayomwambia mtu kwa jina lake: usimpige fulani, usimtishe, usimfuate kazini wala njiani. Hakimu anaweza kumwamuru mtu huyo akae mbali na nyumba, hata kama ndiye anayelipa kodi. Anaweza kusema watoto wakae na nani kwa wakati huo, na nani atoe fedha za kuwalisha. Anayeivunja amri amefanya kosa, na polisi wana sababu ya kumkamata, kwa maana hapo hatazamwi tena kama mume aliyegombana na mkewe. Ameigombanisha nafsi yake na mahakama. Mbali na amri, ukatili wenyewe nao ni kosa: kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi shilingi 960,000, au vyote viwili.

Uharaka wake uko hapa. Kesi za kawaida hakimu hawezi kuamua mpaka asikie pande mbili, na upande wa pili huchukua majuma kupatikana. Katika jambo hili sheria inamruhusu hakimu, akiona ushahidi wa kutosha kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaumizwa au anatishiwa kuumizwa, atoe amri ya ulinzi ya muda kabla mwenzake hajaitwa. Kisha yule mwenzake huitwa, hupewa nafasi ya kujieleza, na ndipo hakimu huamua kama amri iendelee, ibadilishwe au iondolewe. Wazee wengine wametuambia kwamba huko ni kumhukumu mtu hayupo. Hapana. Hakuna aliyehukumiwa. Mtu akipiga kelele za moto, jirani hazimi moto baada ya kuuliza nani aliuwasha.

Pana neno moja tunalotaka kulisema kwa wenzetu kutoka Kongo. Sheria ya Familia ya nchi yetu ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake katika mambo mengi ya sheria, hata kufungua kesi. Mama zetu walikua na sheria hiyo, na sisi tulikua tukiisikia. Kwa hiyo mpaka leo yuko mama hapa Kampala anayeamini kwamba hawezi kufika mbele ya hakimu bila mumewe kukubali. Fikirini: akaombe ruhusa kwa yule yule anayempiga! Kwanza, Kongo wenyewe waliifuta ruhusa hiyo kwa sheria ya mwaka 2016. Pili, hapa Uganda haijatakiwa. Katiba ya mwaka 1995 inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inasema mkimbizi ana haki ya kufika mahakamani. Na ninyi mliopitia Nyarugusu na kambi nyingine za Tanzania mtakumbuka kwamba kule Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kusema zamani kwamba mume hana haki ya kumchapa mke, wala mke mume. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba haya ni mambo mapya ya wazungu.

Tuje kwenye njia. Kwa anayeishi Kyambogo au Banda, mahakama ya hakimu iliyo karibu ni ile ya Nakawa, safari fupi kutoka kilima hiki. Aliye kambini huenda kwa hakimu wa wilaya yake. Huko Nakivale mwaka 2013 ilianza mahakama ya kutembea iliyokuja kukaa kambini penyewe. Ombi hufanywa kwa fomu, na pamoja na fomu hutakiwa hati ya kiapo. Anayeumizwa anaweza kuomba mwenyewe, au mtu mwingine akaomba kwa niaba yake.

Hati ya kiapo ndiyo roho ya kazi yote, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Hakimu hamjui mleta ombi. Hajaiona nyumba yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hakimu si kata. Anachokiona ni karatasi. Sasa mtu akiandika, "Mume wangu ananitesa siku zote, nimechoka," amesema kweli, lakini hakimu hana cha kushika. Hebu aandike namna hii: "Jumamosi usiku, kama saa nne, alinipiga kwa mpini wa jembe mkono wa kushoto, mtoto wetu wa miaka saba akiona. Jirani wa chumba cha pili alikuja kugonga mlango. Aliniambia nikirudi polisi atanimwagia maji ya moto. Mwezi uliopita alikuwa amenipiga hivyo hivyo nikaenda zahanati." Hapo pana siku, saa, silaha, shahidi, kitisho, na mara ya pili. Maneno machache, lakini hakimu anaweza kuyasimamia. Vitisho viandikwe kama vilivyosemwa, hata kama ni matusi ya kuona haya kuyaandika. Kama kuna panga au bunduki nyumbani, isemwe.

Pamoja na hati hiyo ziwekwe karatasi nyingine zote zilizopo. Ya kwanza ni ile fomu ya polisi namba 3, ambayo hupewa aliyeumia ili daktari aandike majeraha. Fomu hiyo ni bure. Tunarudia: ni bure, na akidaiwa fedha ajue anadaiwa isiyo halali. Aende mapema, kabla uvimbe haujapungua. Barua ya mwenyekiti wa LC 1 inasaidia. Ujumbe wa vitisho katika simu usifutwe, hata kama unauma kuusoma; na picha za majeraha atunziwe na mtu mwingine katika simu yake, kwa sababu simu ya nyumbani ndiyo ya kwanza kuvunjwa. Polisi nao wana wajibu katika sheria hii: wamsaidie aliyeumizwa, wamweleze haki yake ya kuomba amri, na kama mama anataka kuandikiwa maelezo na askari wa kike, aombe hivyo bila kuona aibu.

Lugha je? Karatasi za mahakama ni za Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza chetu ni cha sokoni. Ipo sheria ya zamani sana ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma, nayo inamhesabu kuwa asiyejua kusoma hata yule asiyeelewa lugha ambayo karatasi imeandikwa. Mwalimu wa Kifaransa aliyetoka Bukavu na shahada yake, mbele ya karatasi ya Kiingereza naye anahesabiwa humo. Sheria hiyo inamtaka anayekuandikia akusomee na kukufafanulia yaliyoandikwa, kisha aweke jina lake kamili na anwani yake juu ya karatasi. Basi usitie dole gumba mahali ambapo hukusomewa. Na mkalimani asiwe shemeji yako. Tumesikia ya mashemeji wakalimani: mama anasema "alinikaba koo", shemeji anasema kwa Kiingereza "waligombana".

Sasa hofu. Tusijifanye hatuzijui.

Hofu ya kwanza ni ya kadi. Katika familia nyingi jina la kwanza kwenye hati ya familia ni la mume, na mama anajiuliza: nikimpeleka mahakamani, posho yetu itakwenda wapi? Na faili ya kwenda Kanada au Marekani, si itafungwa? Mume naye anajua hofu hiyo, anaitumia kama fimbo ya pili. Jibu letu ni hili. Mama ni mkimbizi kwa haki yake mwenyewe, hakupewa ukimbizi na mume. Anaweza kwenda Ofisi ya Waziri Mkuu na HCR, aeleze hatari aliyo nayo, na aombe yeye na watoto watenganishwe katika hati. Aende na nakala ya amri ya mahakama, kwa sababu mbele ya afisa maneno matupu na karatasi ya hakimu si vitu vya uzito mmoja. Hatusemi itakuwa kesho yake. Foleni za ofisi tunazijua sisi sote.

Hofu ya pili ni ya mahari. Mama anapigwa, anakimbilia kwa wazazi, wazazi wanamrudisha kwa kuwa ng'ombe au fedha zimekwisha liwa. Juu ya hili Mahakama ya Juu ya Uganda ilitoa hukumu tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi kutoka Tororo. Mahakama haikukataza mahari. Ilisema kumdai mwanamke au wazazi wake warudishe mahari ili ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Wazazi mlio hapa, mkasikie vizuri: binti akija kwenu usiku na damu usoni, hamna deni la kumrudisha.

Hofu ya tatu ni ya fedha za wakili. Ombi hili halimlazimu mtu kuwa na wakili, ingawa wakili husaidia. Wapo wanaosaidia wasio na uwezo: chama cha wanawake wanasheria, FIDA-Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1974, na Refugee Law Project, iliyoanzishwa Makerere mwaka 1999, ambayo wengi wenu mnaifahamu. Na penye mtoto anayeumia iko namba 116 ya Sauti, ambayo kuipiga ni bure.

Tumeliacha la wazee mpaka sasa kwa makusudi, ili tulisikilize vizuri.

Baraza letu la upatanisho tunaliheshimu. Wagombanao ndio wapatanao, na nyumba nyingi zimesimama mpaka leo kwa sababu mzee mmoja alikaa na watu wawili mkekani mpaka jogoo akawika. Lakini kamati ya kambi si mahakama. Hatuna uwezo wa kumtoa mtu nyumbani mwake, wala wa kumzuia asirudi. Hata mahakama ya LC, ambayo sheria imeipa uwezo wa kusikiliza mambo haya, kumwonya mtu, kumtaka aombe radhi, alipe fidia, au kuwapatanisha, imewekewa mpaka. Kama mtu amerudia, kama kuna dalili kwamba ataumiza tena, au kama ukatili wenyewe ni mzito, LC inatakiwa ipeleke jambo kwa polisi na kwa hakimu. Ikiwa LC yenye muhuri wa serikali inaambiwa hivyo, sisi tusio na muhuri tunang'ang'ania nini?

Kwa hiyo msimamo wa kamati ni huu, na tumeona vema uchapwe katika jarida ili asiwepo wa kusema hakusikia. Palipo na damu, palipo na silaha, palipo na kitisho cha kuua, au palipo na mara ya pili, kamati haikai kupatanisha. Inamsindikiza mtu polisi na kwa hakimu. Upatanisho ukitakiwa baadaye, watu wakiwa salama, mkeka upo. Mzee mmoja alituuliza katika kikao cha maandalizi: "Je, mnavunja nyumba za watu?" Tulimjibu kwamba nyumba ambayo mtu mmoja anaikimbia kwa dirisha usiku imekwisha kuvunjika, na sisi tumekuja kuokota watu.

Lakini tusiwadanganye pia upande wa pili. Amri ni karatasi. Haizuii panga kwa nguvu zake. Mkumbuke Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekimbia marathoni Paris mwaka 2024. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo, nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli akamwasha moto, na tarehe 5 akafariki hospitali mjini Eldoret. Wazazi wake walisema kwamba ugomvi ule, uliokuwa wa kiwanja, walikuwa wamekwisha kuufikisha polisi. Kenya nayo ina sheria ya namna hii tangu mwaka 2015. Sheria ilikuwepo, na watu walijua. Tunamtaja kwa heshima, ili mwenye amri mkononi asilale akidhani amekwisha pona.

Basi mwenye amri afanye hivi. Asiipeleke mwenyewe kwa mume. Hiyo ni kazi ya mahakama au polisi, na siku mume anapoipokea ndiyo siku ya hatari kuliko zote, kwa hiyo usiku huo mama na watoto wasilale pale. Atoe nakala: moja kituo cha polisi kilicho karibu naye, moja kwa mwenyekiti wa LC, moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto kama amri inasema watoto wakae naye, na moja kwa rafiki asiyekaa naye. Hati ya familia, vyeti vya watoto na nguo chache ziwe kwenye mfuko mahali ambapo mkono unafika gizani. Amri ikivunjwa, hata kwa kupiga simu tu kama simu imekatazwa, apeleke habari siku hiyo hiyo, asingoje ya tatu. Na tarehe ya kurudi mahakamani asiikose. Ombi lisilo na mwenyewe mahakamani linaweza kutupwa, na amri ya muda ikafa nalo, hata kama mama alikosa kwa sababu ya nauli tu.

Juu ya nauli hiyo, kamati imepata akina mama watatu hapa Kyambogo na wawili kambini waliokubali kumsindikiza mtu mpaka mahakamani na kukaa naye kwenye benchi. Majina yao hatuyachapi, kwa sababu mnazoweza kuzielewa. Anayehitaji amwone mama katibu baada ya mkutano, au siku yoyote, na hataulizwa maswali mbele ya watu.